Debe la Bibi kwenye Mashine ya Frimasoni

Harufu ya dizeli ikichanganyika na unga wa moto hunirudisha Lyamkena, Makambako, miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni na kila mwenye vijisenti akafungua biashara yake. Bwana Mgaya alifungua mashine ya kusaga. Alikuwa amerudi kutoka Zambia na pete yenye alama ya bikari na skwea ya fundi, na alipoulizwa alisema bila kificho kwamba huko alikuwa Frimasoni. Basi mji mzima ukapata la kusema! Ikavumishwa kwamba injini yake haiwaki bila damu. Sisi watoto tulipita mlangoni kwake mbio, kisha tukarudi tupite tena, maana hofu ile ilikuwa tamu.

Nyumbani kwetu halikuwa jambo la mchezo. Mgaya alitaka kumwoa Shangazi Rehema, na shangazi alimpenda mpaka akawa anatia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Bibi, Mlutheri kutoka kijiji cha Kichiwa aliyekemea mapepo hata ya kwenye redio, alikataa katakata. "Binti yangu haolewi na shetani!" Mgaya hakubishana. "Mama, kule tulifundishwa kusema kweli na kuwaona watu wote sawa," alimwambia. "Nitazame tu ninavyoishi."

Bibi akaamua kumtazama kweli. Asubuhi moja ya ukungu alijitwika debe la mahindi, nami nikamfuata. Ndoo, mifuko na mabeseni vilikuwa vimepanga foleni toka mlangoni hadi barabarani. Bibi, akijua kwamba mchumba humnyenyekea mama mkwe, alipita moja kwa moja akalitua debe mbele ya wote. Muuza maandazi aliyekuwa wa kwanza akasogea kumpisha. Mgaya akatoka, mweupe kwa unga hadi kwenye kope. "Kamwene, mama," akasalimia akiinama, kisha akalibeba debe la Bibi mpaka mwisho kabisa wa foleni. "Zamu yako itaanzia hapa, mama. Nisamehe." Nilitaka kulia. Niliona harusi ya shangazi imekufa palepale.

Alituletea kigoda, na Bibi akakaa asubuhi nzima, midomo ameibana. Tuliporudi, alisimama njiani ghafla. "Anatafuta mke kwangu, halafu ananirudisha nyuma! Shetani gani huyo? Shetani angenibembeleza." Akacheka mpaka unga ukammwagikia mabegani. Harusini aliisimulia habari hiyo mwenyewe, kwa kila meza.

Siku hizi mashine ni za umeme, na mwenye kujuana na watu hata foleni haioni. Inaniudhi sana. Nina duka la dawa Njombe mjini, na wiki iliyopita Shangazi Rehema, mjane sasa, aliingia akawapita wateja wote hadi dirishani kwangu. Nikamwamkia, nikambebea kiti mpaka nyuma ya mtu wa mwisho. Akaangua kicheko hadi duka zima likageuka.

"Mwanangu! Kumbe na wewe umeshajiunga?"