Siku Tuliyowaita Bata Maji kwa Majina

Siku yangu ya kwanza kazini mjini Sydney nilikabidhiwa darubini kwa mpini wa fagio. Msimamizi wa kituo chetu kule Seven Hills alisimama upande wa pili wa uga wa magari, barakoa mbili usoni, akaning'iniza ile darubini kwenye ncha ya mpini na kuninyooshea kama mtu anayemlisha mamba. "Welcome to the team, Hawa," akasema. "Ila please, usinisogelee." Ndiyo kwanza korona imeingia, watu wanagombania karatasi za chooni madukani, na mimi, mtu mzima niliyetoka Ifakara baada ya kuhesabu ndege bonde la Kilombero tangu usichana wangu, nilikuwa nimeajiriwa kuhesabu ndege wa majini magharibi ya Sydney.

Nyie vijana mnaoniuliza ile ilikuwa kazi gani, ngojeni niwaeleze, maana najua mnadhani tulikuwa tunakaa kwenye kiti cha kukunja tukinywa chai. Chai tulikunywa, sikatai. Lakini kundi la ndege halihesabiwi mmoja mmoja kama mayai dukani. Unahesabu kipande kidogo cha kundi, unakikariri ukubwa wake kwa jicho, halafu unakilaza juu ya kundi zima, kipande baada ya kipande, hadi ufike mwisho kabla mwewe hajapita na kuwarusha wote. Huko ndiko kuhesabu kwa vipande. Viota na vifaranga ndio huhesabiwa kimoja kimoja, tena na watu wawili wanaotazama kwa wakati mmoja bila kuambizana. Namba zikilingana, zinaandikwa. Zisipolingana, mnarudia, na kila mmoja anamwona mwenzake kipofu. Hesabu ya namna hiyo tuliiita hesabu pacha. Ongeza hapo barakoa, ambayo kila ukipumua inaweka ukungu kwenye lenzi, uone kama utanicheka.

Kutoka Seven Hills nilihamishiwa St Marys chini ya Meneja wa Eneo, bwana mpole aliyependa ndege wote wakiwa kwenye karatasi. Mwezi wa nane, baridi ikianza kulegea, plova wawili walitaga katikati ya maegesho ya ofisi, palepale anapoegesha gari lake. Plova ni ndege mwenye ngozi ya manjano usoni na mwiba kwenye kila bawa, na akiwa na mayai hamwogopi mtu yeyote mwenye cheo. Sheria inakataza kumgusa. Basi Meneja akawa anaegesha stesheni ya treni na kuja ofisini na mwavuli uliofunguliwa, kukiwa na jua au mvua, huku plova wakimpigia kelele hadi mlangoni. "Andika kwenye ripoti," aliniambia siku moja, akihema, "kwamba idadi ya plova inatosha."

Basi ukaja mwaka wa mafuriko makubwa. Mto Hawkesbury ulijaa ukavuka kingo zake pande za Windsor na Richmond, mashamba yakawa ziwa, na nguzo za uzio zikabaki zimechungulia vichwa tu. Nikapelekwa huko, chini ya Mratibu wa Mafuriko, mwanamke aliyeongea haraka utadhani simu yake inaishiwa chaji. Jamani, lile bonde! Mwari walitua katikati ya barabara iliyozama na kuelea kwenye mstari mweupe. Yangeyange walisimama juu ya mapaa ya mabanda ya farasi. Domomwiko walipita wakifagia maji kwa midomo yao kwenye uwanja wa kriketi. Nilipoona asubuhi ya kwanza nililia, nakiri, kwa sababu palinuka kama Kilombero ya masika, tope na majani yaliyooza, na sikuwa nimekanyaga nyumbani tangu mipaka ifungwe. Nikalaumu baridi kwa yale machozi.

Mwenzangu wa hesabu pacha alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa amefanya kazi ghalani kule Minto hadi mgongo ukamshinda, akasomea kozi fupi ya mazingira, akaletwa kwangu nimfundishe. Alikuwa na macho makali kuliko darubini yenyewe, na chombo chake cha sombe, kisamvu cha kwao, kilikuwa kikubwa kuliko mkoba wangu wa vifaa. Kila asubuhi tulijipima korona garini, tunachokonoa pua kila mtu kwenye dirisha lake, kisha tunavaa suruali za mpira zinazofika kifuani na kuingia majini. Alihesabu mwari, alihesabu yangeyange, alihesabu kila kitu bila neno. Nilijisifu kwa Mratibu kwamba nimepata mtu.

Kisha tukafika kwa bwana wa majani. Huyu alikuwa mkulima wa nyasi za bustani, zile zinazokatwa kwa mikunjo kama mikeka na kuuzwa kwa watu wanaojenga nyumba mpya. Shamba lake zima lilikuwa chini ya maji, na kila siku ambayo maji yanakaa, nyasi zinaoza. Alikuwa ameshakodi pampu kubwa ya kutoa maji, iko juu ya trela, mpira umeshanyooshwa hadi mtoni. Tatizo lake ni kwamba bata maji weusi, wale wa shingo ndefu na mdomo mwekundu, walikuwa wamejenga viota katikati ya shamba, vichuguu vya matete juu ya maji. Wengine walikuwa bado wanaatamia, wengine tayari wana vifaranga. Maji yakitolewa, mbweha anatembea kwa miguu mikavu hadi kwenye kiota na kula mama na watoto.

Sheria ya kazi ilikuwa hivi: mkipeleka hesabu pacha ya vifaranga na viota inayolingana, pampu inasubiri hadi familia zote zihamie kwenye lambo la jirani. Msipopeleka, kibali cha mkulima cha kutoa maji kinaanza kazi siku hiyohiyo. Mratibu mwenyewe alikuwa amekamatwa na korona, amejifungia nyumbani kwake, kwa hiyo tulimweka kwenye simu yenye spika juu ya boneti ya gari. Mkulima alisimama pembeni, barakoa imefunika kidevu vizuri sana, mkono mmoja juu ya pampu.

Nikatazama, nikabonyeza kihesabio changu, nikamaliza. "Mimi tayari," nikasema. "Mama Furaha?"

"Beko bazuri," akajibu, jicho bado kwenye darubini.

"Wazuri wangapi?"

"Mama eko, baba eko, batoto beko. Banaogelea muzuri sana."

Simu ikakohoa. "I need a number, Furaha," Mratibu akasema.

Mama Furaha akasogelea simu na kusema kwa Kiingereza chake cha heshima, bosi akimwita chef kama kwao, "Chef, they have enough."

Nikamvuta kando. Nilikuwa nimeshaanza kupandwa na hasira, maana mimi nikiwa kazini sina mchezo. "Mama Furaha, umehesabu mwari wa bonde zima. Leo hawa vifaranga wamekufanya nini?"

"Dada Hawa, mwari beko bantu bakubwa. Hawa ni batoto. Batoto ya mutu habahesabiwe."

Mwiko huo nilikuwa naujua. Hata bibi yangu Ifakara ukimuuliza ana wajukuu wangapi alikuwa anakujibu, "Wapo, wanakula." Ila bibi yangu hakuwa mwajiriwa wa serikali. Nikamwambia Mama Furaha hawa ni bata, si watu, na kwamba asipotoa namba mbweha atawahesabu kwa niaba yake. Nilidhani nimesema neno la busara sana.

Akanitazama. "Kule camp ya bakimbizi," akasema taratibu, "mutu wa mgao alihesabu bana yangu na kidole. Moja, mbili, moja, mbili, mbele ya bantu bote. Haikukawia, homa ikabeba ule mudogo. Vraiment, kweli dada, najua haiko kidole ndiyo iliua. Najua. Lakini mukono yangu inakataa."

Nilijisikia mdogo kama kidonge cha piritoni. Miaka yote ya kuwafundisha watu kuhesabu, sikuwahi kumuuliza mtu kwa nini mkono wake unasita. Nikamshika bega, korona au siyo korona.

Nyuma yetu mkulima alikuwa ameshaanza kumwambia Mratibu kwamba hakuna namba, hakuna pingamizi, naye anawasha. Mratibu akawa anasema "hang on, hang on," lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta sheria ya kumsaidia na haioni.

Hapo Mama Furaha akarudi kwenye darubini. "Kuhesabu siwezi," akasema kwa sauti. "Kuita, naweza. Kwetu kanisani mutoto analetwa mbele, anaitwa jina. Chef, andika." Akanyoosha shingo. "Ile kiota ya kwanza, pale karibu na nguzo. Neema. Baraka. Espérance. Ile inalala juu ya mugongo ya mama yake, Mapendo."

"Spell that?" Mratibu akauliza.

Nikawa namtajia herufi. Familia ya pili akaipa majina ya watoto wa kwaya, familia ya tatu majina ya wajomba zake wote wa Bukavu. Kulikuwa na Dieudonné aliyekuwa akijaribu kula manyoya ya ndugu yake, na Zawadi aliyeogelea kwa kurudi nyuma. Mayai yaliyokuwa bado hayajaanguliwa akayaita "Bahati na wenzake," nikamkatalia, akakubali kuyapa jina kila moja. Mimi kimyakimya nililinganisha na kihesabio changu. Zililingana sawasawa. Msiniulize walikuwa wangapi, namba ile haijawahi kunitoka mdomoni.

Mkulima akacheka kwa dharau. "Hiyo siyo hesabu," akasema. "Hiyo ni orodha ya wageni wa harusi. Majina siyo namba, na kibali kinasema namba."

Nikajua Mratibu amebanwa, kwa sababu neno lililoandikwa kwenye kibali lilikuwa namba kweli, na huyu bwana alikuwa na mwanasheria. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

Sasa sikieni. Kutoka nyuma ya kiota cha mwisho, ambako hakuna aliyekuwa ameangalia tena, kikatoka kifaranga kimoja cha kijivu, kidogo kuliko wote, kimebaki nyuma ya familia yake, kinapiga miguu kwa bidii na hakisogei. Mama yake ameshafika mbali. Kikalia kwa kasauti kembamba, tukakasikia hadi kwenye tuta.

Mama Furaha akamgeukia mkulima. Hakuwa anafanya ujanja, nawaapia. Alikuwa anafuata utaratibu wa kwao. "Papa, hii wewe unaita," akamwambia kwa Kiingereza. "Amezaliwa kwako. Mwenye nyumba anatoa jina."

"Me?"

"Ni nyumba yako, au siyo nyumba yako?"

Ukweli ni kwamba alikuwa amepiga kelele asubuhi nzima kwamba shamba ni lake. Mkulima akatazama kifaranga. Akajikuna kidevu juu ya barakoa. "Kevin," akasema, kisha akaona haya kama kijana aliyeshikwa anaimba bafuni.

"Kevin," Mama Furaha akaiambia simu. "Chef, andika Kevin." Nami nikabonyeza kihesabio mara moja zaidi.

Tukawa tunamtazama Kevin sisi sote. Alikwama kwenye jani la matete. Alijikwamua. Alikwama tena. "Come on, mate," mkulima akanong'ona. Mama yake akageuka, akarudi, akamsukuma kwa mdomo, na wakaondoka pamoja. Mkulima akatoa mkono kwenye swichi, akaanza kukunja mpira wa pampu bila kumtazama mtu. "Mwambie bosi wako hizo ni namba," akanong'onea boneti ya gari, ingawa bosi mwenyewe alikuwa anamsikia. "Zijumlishe tu."

Baada ya hapo hatukuwa na haja ya kupiga doria kule. Mkulima alimtumia Mama Furaha picha kila siku. Kevin amekula. Kevin hajaonekana, nina wasiwasi. Kevin ameonekana. Aliweka uzio wa mbweha kwa hela yake mwenyewe, akamfokea jirani aliyepita na mbwa. Nyasi zake nyingi zilioza, na alilalamika kweli, lakini alilalamika kama mzazi anayelalamikia karo.

Mimi nilistaafu miezi michache baadaye, magoti yalipokataa suruali za mpira. Mkiniuliza kazi hii inataka nini, nitawaambia inataka miguu mikavu na jicho lisilochoka. Zaidi inataka kujua kwamba mnyama unayemhesabu anaishi kwa mtu, na yule mtu naye ana mambo yake. Hilo hakuna kozi inayolifundisha, na mimi nililijua nimeshachelewa.

Sherehe ya kuniaga tuliifanya nyumbani kwangu Minto, pilau upande mmoja, sombe na ugali upande mwingine, Mratibu amekaa katikati anakula vyote viwili. Simu ya Mama Furaha ikalia. Alikuwa mkulima. Maji yalikuwa yamekauka yenyewe, familia zote zilishahamia lamboni, na asubuhi ile vifaranga wakubwa walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza. Kevin alikuwa wa mwisho. Alianguka, akajaribu tena, akaondoka, na hakurudi. Mkulima hakusema analia, ila pumzi yake ilikuwa inakatikakatika spikani.

"Shamba limekuwa kimya sana," akasema. "Nifanye nini sasa?"

Sote tuliokuwa mezani tulikuwa na watoto waliokwenda mbali, na hakuna aliyecheka. Mama Furaha akafuta mikono yake taratibu.

"Sasa uko muzazi," akamwambia. "Karibu."

Mkulima akasikia sahani zetu zikigongana, akauliza kama chakula kimebaki, nikamwambia kimebaki, aje.