Mlinzi Asiyewashwa

Mlinzi wa jirani yangu hajikuni. Jioni mbu wanamvaa kibandani mwake, naye ametulia tu, mikono magotini, akiimba kwa sauti ya puani. Jirani huyo, mwenye nyumba, akaifanya hiyo kuwa sababu ya kumnyima wavu wa dirisha. "Angekuwa anang'atwa, si angejikuna?" aliniambia, akacheka hadi bangili zikalia. Ujinga mtupu! Mbu akinyonya damu hutema mate ndani ya ngozi, na muwasho ni mwili wenyewe unaoyapigia kelele mate hayo. Ukiumwa miaka nenda miaka rudi, mwili unachoka kupiga kelele. Malaria haichoki. Zamani mtaa mzima tulitoka na majembe kuzibua mtaro, tajiri kwa mlinzi. Leo kila mtu na geti lake, na mtaro unanuka.

Juzi nilimkuta mlinzi huyo anapigilia wavu mpya. Moyo ukanitulia, kumbe ni wa banda la mbwa, kwa kuwa mbwa anajikuna! Mlinzi alikuwa na homa, meno yanagongana, lakini alivuta kila kona kwa vidole vyake vinene hadi ukakaza kama ngoma.

"Hicho kipande kilichobaki kakiweke kwako, mwanangu," nilimwambia.

"Aa, mzee wangu, mimi siwashwi."

"Nani kakuuliza habari ya kuwashwa? Unatetemeka!"

Akatabasamu kwa aibu, akakikunja kile kipande taratibu, pembe kwa pembe, akampelekea mwenye nyumba.