Aliyenijibu Machimboni

Hata leo, nikipita karibu na kiwanda cha kahawa wakati wa mavuno, ile harufu ya maganda yaliyochacha ikinipiga puani, vidole vya mkono wangu wa kushoto hujikunja vyenyewe kana kwamba vinatafuta nyuzi. Marehemu mume wangu alikuwa akiniuliza kama ni baridi yabisi. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu maelezo yenyewe ni marefu. Nyinyi mnaonekana mna nafasi.

Tulikuwa tukiishi katika shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, katika ile miaka ya hamsini ambayo watu wazima walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini na kunyamaza mtoto akiingia. Baba alikuwa mpishi katika nyumba ya bwana shamba. Mama alichuma kahawa. Tulikaa kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, pamoja na cucu yangu aliyemzaa Baba, mwanamke mdogo wa umbo ambaye hakuna jambo lililompita bila kulitolea neno.

Binti wa bwana shamba alipopelekwa ng'ambo kusoma, aliacha ukulele wake juu ya kabati la jikoni. Memsahibu akamwambia Baba autupe au auchukue. Baba akaja nao nyumbani umefungwa kwa aproni kama mtoto mchanga. Laini nzima ilikuja kuutazama: nyuzi nne, tumbo dogo mviringo, rangi ya chai ya mkandaa. Hakuna aliyelijua jina lake. Tukauita kagita, yaani gita ndogo. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, na Baba alipodandia lori la shamba kwenda Thika, alimwomba Mhindi mmoja mwenye duka amuuzie kipande cha uzi wa kuvulia samaki.

Niwaambie ukweli, nilikuwa mpigaji mbaya. Nilianza wimbo wa kanisani kwa kishindo, nikifika mstari wa pili nakwama, narudi mwanzo kwa kishindo kilekile. Sikujua kwamba mtu anaweza kurudia kosa lake kila siku na kuita huko ni kujifunza. Cucu alisema mbuzi huchinjwa mara moja tu, sasa kwa nini kagita yangu inachinjwa kila jioni.

Mama ndiye aliyenitafutia mahali. Asubuhi moja, akijifunga kikapu cha kuchumia, aliniambia, "Mami, peleka hizo kelele kware. Ngoja watu wote waende kupima kahawa, ndipo uende. Ukikuta homgadi njiani, rudi nyumbani, usipige."

Homgadi walikuwa walinzi waliowekwa na serikali ya mkoloni kuwasaka watu walioipinga, waliokuwa wakijificha. Kware lilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe ya kujengea, ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mikahawa. Lilikuwa limeachwa tangu mchongaji mmoja alipoangukiwa na jiwe. Maji ya kijani yalikuwa yamejaa chini, na upande wa pili kuta zilikuwa na mapango meusi walimotoka popo. Hata mchana, mwezi wa Julai, ukungu ulilala mle ndani kama maziwa ndani ya kibuyu.

Cucu hakupenda. "Ukiita pale, shimo litakujibu," aliniambia. "Hilo jibu la kwanza ni lako, usiogope. Lakini usingoje jibu la pili."

Mama akasema mwangwi hauumi. Nikaenda.

Nilikaa juu ya bamba la jiwe, nikapiga mstari wangu wa kwanza. Shimo likanirudishia mara moja, nyuzi zangu zilezile, zimefifia. Nikacheka. Kisha, nilipokuwa nikipuliza vidole kwa baridi, mstari ule ukaja tena. Haukuwa wa nyuzi. Ulikuwa mluzi, mwembamba, ukitoka ng'ambo ya maji, na pale nilipokosea, wenyewe haukukosea.

Nilikimbia hadi nyumbani bila kiatu kimoja. Sikumwambia mtu, maana Cucu angeshinda ule ubishi na mimi ningenyang'anywa mahali pangu. Lakini usiku nilipolala niliusikia mstari ule kichwani, safi, na nikajua kosa langu liko wapi. Woga ni kitu kikali, lakini hamu ya kupata kitu sawasawa ni kali zaidi. Kesho yake nilirudi, na kiatu changu nikakikuta palepale.

Nilikwisha amini kwamba anayenijibu ni yule mchongaji aliyekufa. Nilimwogopa, nikamzoea, huku bado namwogopa, kama mtoto anavyomzoea mwalimu mkali. Kwanza alinifundisha kulinganisha nyuzi: alipiga mluzi wa sauti moja tu, akaikalia, mpaka nikakaza ule uzi wa samaki ukafikia hapo. Halafu alinikataza haraka. Nikiupiga wimbo mzima kwa mbio, nilipata jibu la kwanza tu, lile la mawe, kisha kimya. Nikichukua kipande kidogo, polepole, alijibu. Nikikosea, alinirudishia kipande kilekile, polepole zaidi, akivuta ile sauti niliyoiharibu ili niisikie. Nikikipata, alinipa kipande kinachofuata. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake pekee, na sijawahi kupewa sifa nyingine iliyonifurahisha vile.

Kulikuwa na mahali ambapo kidole cha tatu kilipaswa kuruka kwenda uzi wa mbali, nacho kilikuwa mvivu. Tulikaa hapo siku nyingi. Ncha za vidole zilichubuka, zikapona, zikawa ngumu kama kwato. Wakati mwingine ukungu ulipanda hadi nikashindwa kuuona mkono wangu mwenyewe, na mluzi ukaja karibu mno, kana kwamba aliyeupiga amekaa kwenye bamba lilelile. Nywele zilinisimama. Lakini sikuacha kupiga, kwa sababu niliona kukimbia katikati ya somo ni kukosa adabu.

Nyumbani walishangaa. Baba alisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hata Cucu aliacha habari za mbuzi. Mama peke yake hakusifu wala hakulaumu, kila jioni aliuliza tu, "Umepiga leo?" Nikisema ndiyo, mabega yake yalishuka kidogo.

Siku niliyokwenda kupiga mstari wa mwisho, nilikuwa sijagusa uzi niliposikia kokoto zikisagika nyuma yangu. Alikuwa mkuu wa homgadi wa upande wetu, Gathuku, na vijana wawili. Bunduki yake aliishika kizembe, kama mtu ashikavyo mwavuli.

"Kasichana, huwa unapiga na nani hapa?"

"Na mwangwi, mzee."

"Mchunga ng'ombe mmoja ameniambia amesikia mluzi. Mwangwi unapiga mluzi?"

Nikasema kile nilichokiamini. "Cucu anasema kuna mchongaji alifia humu. Labda ni yeye."

Kijana mmoja alirudi nyuma hatua. Gathuku hakucheka. Aliketi kwenye bamba langu, akaiweka bunduki juu ya magoti, mdomo wake ukielekea mapangoni. "Piga," alisema. "Tumsikie huyo marehemu."

Nilianza vibaya. Kidole cha tatu kikaanguka pasipo pake. Mawe yakajibu kosa langu, kisha kimya. Wote wanne tulisikiliza. Maji yalidondoka mahali fulani ndani ya pango.

"Tena."

Nikafumba macho. Niliogopa maiti ajibu, Baba afukuzwe kazi kwa sababu ya binti anayecheza na wafu. Lakini vidole vilikuwa vimezoea njia yao kuliko mimi nilivyozoea woga wangu. Nilipiga polepole, kipande kwa kipande, mpaka mstari wa mwisho, na hapakuwa na kosa hata moja. Mawe yakanirudishia wimbo wote, mzuri kuliko nilivyowahi kuusikia. Nikangoja. Nawaapia, pamoja na hofu yote ile, kuna sehemu yangu iliyongoja kusifiwa.

Hakuna aliyejibu. Nikaanza kulia, na Gathuku akadhani ni kwa sababu ya bunduki.

"Nenda nyumbani," alisema, akisimama. "Na usirudi hapa. Mahali hapa ni pabaya."

Mama aliposikia, alikaa chini ghafla penye majivu. Hakunituma kware tena.

Nilikua. Nilipiga kagita kanisani Ruiru, baadaye nikawa nafundisha watoto muziki Thika. Habari ya mluzi nilikaa nayo mpaka Mama alipokuwa mzee sana, anaishi kwangu, na siku moja tukichambua maharagwe nikamsimulia kama kichekesho cha utotoni.

Mikono yake ilisimama. Akaniambia kwamba alikuwa na mdogo wake, Mwaura, aliyenibeba nikiwa mchanga. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika shule iliyofungwa na serikali, na alikuwa akisakwa. Mama alimfichia chakula chini ya jiwe kule kware kila asubuhi akienda kuchuma. Walikuwa wamepatana: akisikia kagita ya mtoto, ajue hakuna homgadi karibu, atoke pangoni achukue.

"Nilimwambia achukue, arudi ndani," alisema Mama. "Sikumwambia apige mluzi." Akatupa kando haragwe bovu. "Mjinga yule. Mjinga kabisa." Na machozi yakamtoka huku akitabasamu.

Baada ya siku ya Gathuku, Mama aliacha muda upite, kisha akapeleka viazi. Aliporudi alivikuta palepale, vimejaa siafu. Hakuna aliyepata kutuambia Mwaura alikwenda wapi, wala analala wapi.

Nimefundisha watoto wengi tangu hapo, na najua uvumilivu unaohitajika kukaa na mtoto kwenye kipande kimoja cha wimbo mpaka kidole kikubali, hata ukiwa umeshiba na mlango umefungwa. Yeye alikuwa na njaa, chakula kiko chini ya jiwe, na kila mluzi ungeweza kumwua. Kwa miaka mingi nilikikumbuka kimya cha siku ile kama mtu anavyokumbuka kunyimwa. Sasa najua alikuwa pale, ng'ambo ya maji, amewaona homgadi, mdomo ameuziba kwa mkono, akiusikia mstari wa mwisho ukinitoka sawasawa, bila njia ya kuniambia.