Gari Lililokuwa Linapumzika

Ngadiyo alikuwa fundi wa kufufua injini, na wala simpambi. Kazi yangu mimi ni kununua magari yaliyokufa na kuyauza vipande vipande, kwa hiyo fundi wa namna ile aliniharibia biashara kuliko mwizi. Gari nimeshalizungukia mwaka mzima, mwenyewe ameanza kulainika, kesho yake nasikia linanguruma uani. Nauliza, nani kaligusa? Ngadiyo.

Tulikuwa marafiki hata hivyo. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, chini kabisa ya mteremko unaotoka barabara ya Boyolali, na mkewe alikuwa mkarimu wa tempe, mikate ya soya iliyochachushwa, ya kukaanga. Nilikuwa nakaa pale kwenye benchi nikimtazama. Wenzake wakiletewa gari lililolala miaka, kitu cha kwanza ni kutia betri na kupiga stata, waone litasemaje. Ngadiyo alikuwa kwanza analinusa. Anafungua kifuniko cha oili ananusa, anafungua tangi ananusa, kisha anakaa chini anavuta sigara yake ya karafuu mbali na pale, kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

Alikuwa na udhaifu mmoja: hakujua kumkatalia mtu aliyemzidi cheo. Sisi watu wa Jawa wote tuna ugonjwa huo, ila wengine tunakohoa kidogo tu. Yeye alikuwa wa kulazwa.

Sasa binti yake, Wening, akachumbiwa na mtoto wa Pak, yaani Mzee, Widagdo.

Pak Widagdo alikuwa amestaafu ukarani mkubwa wa wilaya, na uani kwake kulikuwa na gari aina ya Kijang, la rangi ya maziwa, ambalo halikuwa limewashwa kwa miaka saba. Neno "mbovu" halikuruhusiwa pale. Gari lilikuwa linapumzika. Kwetu mwenye gari hulipasha moto kila asubuhi, hata kama haendi popote: huliwasha, huliacha linanguruma, naye hukaa pembeni na kahawa yake mtaa mzima ukisikia kwamba hapa pana gari. Pak Widagdo hakuwa na cha kuwasha, lakini saa kumi na mbili na nusu kila siku alitoa kiti, akafunua turubai, akanywa kahawa mbele ya boneti mpaka ikaisha, akafunika. Miaka saba. Mimi nilikuwa nimeenda kuliulizia bei mara nne.

"Kang Sarmidi," aliniambia mara ya nne, akiniita kaka kwa Kijawa, "wewe ukimwona mtu amelala unamuuliza mkewe bei ya koti lake?"

Wiki tatu kabla ya harusi akamwita Ngadiyo. Akamwambia kwamba msafara wa bwana harusi utakuja na Kijang, si gari la kukodi, na kwa kuwa wao sasa ni besan, yaani baba na baba wa maharusi, hapakuwa na haja ya kumtafuta fundi wa mjini.

"Nitafurahi sana, Pak," akasema Ngadiyo.

Alikuja kwangu rangi imemtoka.

"Likikataa je?" nikamuuliza.

"Unamjua mama wa bwana harusi. Tangu siku ya posa ananiita 'yule fundi'. Likinifia mkononi, mwanangu atalisikia kila akipakuliwa wali, maisha yake yote. Na Wening atahamia kule kule, Kang. Chumba kimeshapakwa rangi."

"Si ungemwambia wiki tatu hazitoshi?"

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Ni besan."

Nikaenda naye siku ya kwanza, kwa sababu zangu. Likishindikana, nilitaka niwe karibu.

Alinusa. Benzini ya kwenye tangi ilikuwa inanuka kama rangi ya zamani ya milango. Oili ilitoka nyeusi na nzito. Panya walikuwa wamejenga juu ya injini kwa majani na vipande vya gazeti, na walikuwa wametafuna nyaya mbili. Pak Widagdo alikuwa amesimama nyuma yetu na ufunguo mkononi.

"Tupige stata kidogo?" akasema. "Tusikie tu sauti yake."

Nilijua jibu, na Ngadiyo alilijua zaidi yangu. Ndani ya injini iliyolala miaka saba kuta za silinda zimekauka na pengine zina kutu. Ukiizungusha kwa nguvu ya stata, vyuma vikavu vinakwaruzana na kuchubuana, na hapo ndipo mimi huitwa na toroli langu.

"Wazo zuri sana, Pak," akasema Ngadiyo. Akafungua plagi zote nne, akamimina kijiko cha oili safi katika kila tundu, akafunika matundu kwa kitambaa, akatia plagi mfukoni mwa shati. "Tunaipa chakula kwanza. Ikishiba tutaisikia vizuri zaidi."

Betri nayo akaibeba, eti kwenda kuichaji. Ilikuwa imekufa kabisa, haikuwa hata ya kuuza risasi yake.

Njiani nikamwambia, "Mwambie tu asiguse."

"Nimemwambia."

"Umemwambia saa ngapi?"

"Nimeondoka na plagi. Mtu mwenye akili ataelewa."

Asubuhi ya pili Pak Widagdo akaazima betri ya jirani yake muuza tofu, akaifunga mwenyewe, akapiga stata. Kwa kuwa plagi hazikuwepo, injini ilizunguka kirahisi bila kubanwa, ikatema oili yote juu kupitia kwenye matundu, kisha kutu ikaikamata, ikakwama. Tulipofika tulimkuta amekaa kwenye kiti chake na kahawa, ametulia, sarongi nyeupe ina madoa kama chui, na dari ya banda inadondosha.

Mimi nilikuwa nang'ata ulimi.

Ngadiyo akainama, akachungulia, akainua uso. "Oili imeenea vizuri sana, Pak. Mpaka juu."

"Eeh," akasema Pak Widagdo. "Niliona nikusaidie."

Ngadiyo akaanza upya, kijiko kwa kijiko. Siku tatu aliiacha hivyo, na safari hii alikuja kila alfajiri kabla ya kahawa. Siku ya nne akashika puli kubwa ya mbele kwa spana ndefu na kuisukuma kwa mkono, taratibu sana. Ikagoma. Akairudisha kidogo, akaileta tena. Nilimwona midomo ikitembea; sijui alikuwa anasoma dua au anaitukana. Ikaachia. Ikazunguka duara zima, na kusema kweli roho yangu ilishuka kidogo, maana nilikuwa nimeshapata mteja wa milango.

Hapo ndipo akaanza kufanya kazi kweli. Alibadilisha oili na chujio lake, akasafisha kabureta, akaunga nyaya, akatia mpira mpya kila penye mpira uliopasuka, akafungua breki zote nne na kuzifufua, kwa sababu, alisema, gari lisilowaka ni aibu lakini gari lisilosimama ni msiba. Tangi lilikuwa limeoza kwa kutu. Akalishusha lote akampelekea mchomeleaji, naye mchomeleaji akasema mwezi ujao. Basi akafunga dumu la lita tano nyuma, mahali pa gurudumu la akiba, mbali na joto, akavuta bomba jipya hadi kwenye injini.

Siku ya kuwasha alisukuma gari nje ya banda lisitujaze moshi, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akaloweka gunia na kuliweka karibu endapo moto utatokea. Kabla ya kurudisha plagi alipiga stata mara kadhaa, kwa vipindi vifupi, mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika kwenye dashibodi. Ndipo akarudisha plagi. Ndipo akampa Pak Widagdo ufunguo.

Mara ya tatu ikashika. Ikakohoa moshi wa bluu, ikatema mbegu za mpunga kupitia ekzosi, akiba ya panya hiyo, kisha ikatulia. Mkewe, Bu Widagdo, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Pak Widagdo alikwenda kuleta kiti.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Ngadiyo akafuta mikono. "Benzini iliyomo inatosha kwenda na kurudi, Pak. Likipumzika mpaka siku yenyewe, nadhani litapendeza zaidi."

"Bila shaka," akasema Pak Widagdo.

Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, dumu la lita tano: hesabu ilikuwa sawa kabisa. Kilichokuwa hakipo kwenye hesabu ni miaka saba ya kahawa bila muziki. Na baba wa bibi harusi siku hizo hatoki nyumbani, ana mahema ya kufunga na wageni wa kulisha, kwa hiyo hakusikia.

Pak Widagdo alikuwa na gari lakini hakuwahi kujifunza kuendesha, dereva alikuwa wa ofisi. Nikaombwa mimi. Asubuhi ya harusi nikakuta shangazi watatu wameshakaa nyuma na masanduku ya mahari na keki, bwana harusi Bagas katikati yao amenyooka kama mshumaa, na Pak Widagdo mbele, kilemba kimekaza.

"Mmelipasha moto hili?" nikauliza.

"Kila asubuhi! Saa nzima, saa na nusu. Hata muuza tofu alikuja kusikiliza."

Nikatazama mshale wa benzini. Ulionyesha nusu. Ulikuwa unaonyesha nusu tangu tangi liliposhushwa.

"Pak, tusimame pale kibandani tuongeze chupa mbili za benzini. Tahadhari tu."

Akanigeukia taratibu. "Besan amesema inatosha. Unataka nimfanye mwongo siku ya harusi ya binti yake?"

"La, Pak, lakini..."

"Wewe Kang, hili gari hujawahi kulitakia mema."

Hapo alikuwa amesema kweli, nikawasha gari. Nikaendesha gia kubwa, mguu mwepesi, kila mteremko naliachia liende lenyewe. Shangazi mmoja akasema ninaendesha kama nabeba mayai. Kilomita ya tisa, pale juu kabisa ambapo unaona paa la Ngadiyo na upinde wa makuti machanga mlangoni, injini ikashtuka mara mbili, ikanyamaza.

Nikaweka gia huru. Ufunguo sikuuzima, usukani usije ukajifunga. Tukaanza kushuka. Usukani ulikuwa mzito, na pedali ya breki, injini ikiwa imezimika, ilikuwa ngumu kama jiwe. Nilikuwa naikanyaga kwa mguu mzima huku nimeshika breki ya mkono, na uso nimeuweka wa kawaida.

"Mbona kimya?" akanong'ona Bagas.

"Tulia, bwana harusi."

Chini wageni walikuwa wamejipanga pande mbili. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, kwa heshima ya msafara, kwa hiyo hapakuwa na kelele yoyote ya kutufichia. Tukaingia kati ya watu mia mbili na sauti ya matairi kwenye changarawe tu. Nikasimamisha chini ya upinde, hatua moja kutoka kwa Ngadiyo.

Alikuwa amevaa koti jeusi la sherehe, mikono imekunjwa mbele. Alinitazama mimi, akatazama boneti, na nikaona amejua kila kitu, mpaka idadi ya lita. Bu Widagdo alikuwa ameshuka kwenye gari la pili la msafara na alikuwa anakuja, shingo ndefu, anasikiliza. Pak Widagdo alikuwa hajashuka.

Ngadiyo akamfungulia mlango.

"Laini kweli, Pak," akasema, kwa sauti ya kufika nyuma. "Haisikiki kabisa. Mtu angedhani imezimwa."

Watu wakaguna kwa kustaajabu. Mzee mmoja akaweka kiganja kwenye boneti akatikisa kichwa. Pak Widagdo akashuka, akarekebisha kilemba.

"Si nilisema ilikuwa inapumzika?" akasema. Kisha akageuka kwa mkewe: "Mama, hii ni kazi ya besan wetu." Na Bu Widagdo, mbele ya watu mia mbili, alilazimika kuinamisha kichwa.

Wakati wa kula nilitoka kuvuta hewa. Nyuma ya Kijang nikamkuta Ngadiyo amechuchumaa na koti lake la sherehe, faneli mkononi, anamimina benzini kwenye dumu.

"Ungemwambia tu tangu mwanzo asilipashe," nikasema.

"Nilimwambia inatosha kwenda na kurudi." Akakung'uta tone la mwisho. "Sasa inatosha kurudi. Shika hii chupa, usinichafue."

Wening alihamia kule. Mwezi wa kwanza, nasikia, alimwambia baba mkwe, "Pak, kahawa yako ipoe bure? Nipe ufunguo nikuwashie mimi." Sasa kila asubuhi analiwasha yeye, anahesabu dakika mbili, anazima, anasema, "Limeshiba, Pak." Mtoto wa fundi, hakuna anayembishia.

Mimi nilikwenda kuulizia bei mara ya tano. Pak Widagdo alinitajia mara tatu ya ile niliyokuwa nikitaka kumpa mimi. Nikamwambia, Pak, chuma ni kile kile.

"Kang," akasema, "wewe mwenyewe uliliendesha. Uliisikia injini?"

Nikasema sikuisikia.

"Basi."