Mstari Mwekundu wa Tangi la Samaki

Kinyozi wa mtaa wetu, tunayemwita Mashine, aliachiwa samaki watatu. Mkewe alikwenda kumuuguza mama yake, na neno lake la mwisho mlangoni halikuwa la chakula wala la ufunguo. "Nikirudi niwakute hai." Mke huyo alikuwa amewalea tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Mashine alijua akikosekana hata mmoja, nyumba haitakalika.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi kompyuta, akaja kumsaidia. Alitumbukiza kihisi tangini, kijiti cha chuma chenye waya, akakiunga na kikompyuta kidogo kama kiberiti. Programu zake ni huria, alieleza. Watu wamezitunga wakazitoa bure, anayetaka achukue. Moja huandika joto la maji, nyingine hulichora kwenye simu kwa mstari mwekundu. Mashine aliitikia kila neno kama mtu anayeelewa.

Basi, ndugu zangu, hapo ndipo akili ilipomruka. Kila akichungulia simu akiwa kazini, mstari unapanda mlima. Mbio nyumbani, anatia barafu. Akiingiza mkono, maji baridi. Akitazama simu, maji yanakaribia kuchemka. Amwamini nani? Mkono hauna programu, akajijibu, akaongeza barafu. Samaki wakajikunyata chini, hata kula hawataki. Mteja mmoja alipoona kinyozi hatoi macho kwenye simu, akamwambia kama ni mapenzi, amalize kwanza upande wa kushoto.

Jioni moja shemeji akapita, akautazama mchoro, akakuna kichwa. Mstari hupanda Mashine akitoka, hushuka akirudi jioni, utadhani maji yanamkumbuka.

"Shemeji, asubuhi kabla hujatoka unafanya nini hapa?"

"Sifanyi kitu. Nachomoa tu ule waya majini, nauweka hapo dirishani. Jioni naurudisha."

"Unauchomoa?"

"Mimi kinyozi, shemeji. Waya wa umeme na beseni la maji havilali pamoja. Niuache humo niondoke, nirudi nikute msiba? Na kijiti si kipo pale pale, maji kinayaona kupitia kioo."

Shemeji akatafuta kiti. Alieleza polepole kwamba umeme ule haumtikisi hata sisimizi, na kwamba mchana kutwa walikuwa wakipima jua la dirishani. Mashine akauliza, sasa mbona simu haikusema kijiti kimetoka majini?

Kijiti kikabaki majini, barafu ikakoma. Mkewe aliporudi alipita moja kwa moja hadi tangini kabla ya salamu. Wote watatu walikuwepo, ila wamekonda.

"Umewafanya nini samaki wangu?"

Mashine akaanza na waya, akafika dirishani, akapotelea kwenye barafu. Mkewe akachota chembe za chakula, akavuta kigoda.

"Anza upya, baba. Taratibu."