Siafu katika Bustani ya Koleta

Koleta alikuwa mke wa Kornel, mfanyakazi wa genge la reli katika kituo cha Igalula, mashariki ya Tabora. Watu wa kituoni hawakuwa na mengi ya kusema juu yake. Hakugombana na mtu kisimani, na kanisani alikaa viti vya nyuma. Kama ulimtaka, ulikwenda nyuma ya nyumba yake, ukamkuta ameinama kati ya matuta ya kabichi, nyanya na mchicha, amejifunga khanga kiunoni, anaongea na udongo.

Ndani ya nyumba ile alilala mama mkwe wake, Apolinaria. Mwaka uliotangulia kisa hiki, 1951, kiharusi kilikuwa kimemwangusha mlangoni mwa kanisa, na upande wake wa kushoto ukafa wote, mkono na mguu. Hakuweza kugeuka kitandani bila kusaidiwa. Kilichobaki hai ni upande wa kulia na ulimi, na ulimi aliutumia kwa niaba ya viungo vyote vilivyolala. Kila Jumatatu Kornel alipopanda kitoroli cha reli kwenda kulala njiani na genge lake, alimwambia mkewe maneno yale yale: "Mama yangu nakuachia wewe." Koleta aliitikia, na tangu hapo mpaka Jumamosi mumewe arudi, kifua chake hakikutulia. Alimgeuza mama mkwe asije akatoka vidonda. Alimlisha mboga laini alizochuma mwenyewe. Aliogopa kwenda mbali kuliko sauti ya mgonjwa ilipoweza kufika, na ndiyo sababu bustani yake ilikuwa pale pale ukutani.

Jirani wao alikuwa Mfaume, fundi cherehani. Alikuwa Mzaramo, aliyeletwa na reli akiwa kijana na asirudi kwao. Kila msomaji wa sehemu zetu anajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakiteremka na pembe na kupita katika nchi yao. Baba yake Apolinaria alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Kwa hiyo mama huyu na fundi huyu walitukanana kutwa nzima kupitia dirishani, na hakuna aliyeshangaa.

"Mfaume! Umekufa? Mbona cherehani kimya?"

"Nashona sanda yako, Bibi. Nimeishiwa uzi, maana u mrefu kama nguzo ya simu."

"Shona yako kwanza! Nitakuzika mimi, halafu nile kuku wako wote."

"Utawatafuna kwa meno gani?"

"Nitawameza wazima!"

Mama yule hakukubali kamwe Mfaume awe wa mwisho kusema. Mara nyingi alipaza sauti kwamba anakufa, kwamba fisi wamemvamia, kwamba malaika wamekuja na kitanda chao, ilimradi Mfaume apate la kujibu. Koleta alizoea kufanya kazi huku akiwasikiliza. Sauti zao zilimpa amani kidogo: alijua mgonjwa ni mzima.

Mwaka ule wa 1952 mvua zilianza vizuri, na pamoja nazo walikuja sota. Hawa ni viwavi wanono wa rangi ya udongo, wanaojificha ardhini mchana na kutoka gizani kukata miche shingoni. Asubuhi Koleta alikuta kabichi zake zimelala kama zilizofyekwa. Alichimbua kwa kijiti, akawaponda kwa jiwe, na kesho yake akakuta wengine. Miche ya kwanza ilikwisha yote. Ya pili ilitoka katika mbegu za mwisho alizokuwa nazo, na tayari tuta moja lilikuwa limekwisha kuliwa.

Basi adhuhuri moja yenye mawingu, baada ya mvua ya usiku, aliona utepe mweusi ukipanda kutoka bondeni. Walikuwa siafu. Walikuja wengi kuliko alivyopata kuwaona, na mbele yao panzi walikuwa wakiruka ovyo.

Mfaume naye aliwaona kutoka barazani kwake. "Shemeji! Leta mafuta ya taa tuwachome kabla hawajafika uani!"

Koleta hakusogea. Aliwatazama siafu, akayatazama matuta yake. Alijua, kama ajuavyo kila mkulima wa kwetu, kwamba siafu wakipita shambani hawaachi sota hata mmoja, hata aliye chini kabisa. Watu wengine hufunga virago, wakatoka nje, wakawaachia nyumba mpaka waondoke, kisha hurudi wakakuta hakuna panya wala kunguni. Lakini ndani ya nyumba hii alikuwamo mtu asiyeweza kutoka.

Aliingia ndani mbio. "Mama, siafu wanakuja. Mfaume anataka kuwachoma."

"Na wewe unataka nini?"

Koleta alisita. "Ninataka wapite bustanini. Lakini ninaogopa kwa ajili yako. Nikubebe kwa Mfaume?"

"Kwa yule Mzaramo? Atasema nimehamia kwake, tena ataomba mahari." Mama yule alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Weka majivu, mwanangu. Zungushia nyumba. Miguu ya kitanda itie katika mikebe ya maji. Kwetu ndivyo tulivyofanya. Waache wale hao sota, nami nipate kabichi."

Koleta alitaka kukataa. Alipomtazama mgonjwa akicheka, alikubali, kwa sababu ndivyo moyo wake ulivyopenda tangu mwanzo. Alitia mikebe minne ya samli chini ya miguu ya kitanda, akaijaza maji. Alikomba majivu ya jikoni, akaazima mengine kwa majirani, akazungushia nyumba mkanda mnene usio na pengo. Alipita mara ya pili akikagua. Ndipo akafungua wigo wa bustani.

Siafu waliingia kama maji yaliyofunguliwa mfereji. Walitawanyika juu ya matuta, wakazama katika nyufa. Baada ya kitambo kidogo Koleta aliona sota wa kwanza akivutwa nje, mnene, akijipinda, amefunikwa na weusi. Kisha mwingine, na mwingine tena. Alisimama juu ya gogo, mkono mdomoni, hajui kama acheke au aogope. Kila mara aligeuka kuutazama mkanda wa majivu. Hakuna siafu aliyeuvuka.

Hakujua kwamba hawakuwa na haja ya kuuvuka. Kundi jingine lilikwisha kupita chini ya ardhi, kwenye tundu la panya nyuma ya nyumba, likapanda ndani ya ukuta, kati ya fito na udongo, mpaka kwenye nyasi za paa. Majivu hayakulizuia. Maji ya mikebe hayakulizuia. Siafu walikuwa juu ya kitanda, wakiwinda mende na mijusi katika paa, na walikuwa wakianguka.

Walianguka kwanza upande wa kushoto. Apolinaria hakuhisi kitu.

Kisha sauti yake ikasikika dirishani, kali: "Mfaume! Mfaume, njoo, naliwa huku!"

Mfaume alijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Wakimaliza nyama waniachie mifupa, nichonge vifungo!"

Koleta alicheka juu ya gogo lake. Alimwona sota mwingine akitolewa, akasema moyoni kwamba kabichi sasa zitafunga vichwa.

"Bibi!" Mfaume aliita tena. "Mifupa ya mguu usiniharibie, hiyo ni ya makoti!"

Cherehani ilikwenda kidogo, ikasimama.

"Bibi? Leo umeshindwa?"

Koleta aliacha kucheka. Alisubiri. Alizoea kusubiri jibu lile kama mtu anavyosubiri ngazi ya mwisho gizani, na mguu wake haukuikuta. Alitazama mlango. Panya wawili walitoka mbio, wakapita juu ya majivu bila kujali mtu, na nyuma yao mjusi, na nyuma ya mjusi mende wengi.

Alikimbia. Hakumbuki alipitaje kati ya siafu.

Ndani palikuwa na sauti nyepesi, kama manyunyu juu ya majani makavu. Shuka la mgonjwa upande wa kushoto lilikuwa jeusi na lilikuwa linatembea. Mama mkwe alikuwa amefumba macho na kuukaza mdomo kwa nguvu zote, na kwa mkono wake mzima alikuwa akijipangusa pua na sikio. Koleta akaelewa kwa nini hakujibu. Angefungua mdomo, wangeingia.

Alimnyanyua. Jinsi mwanamke mwembamba yule alivyomnyanyua mtu mzima asiyejisaidia, hata yeye hakuweza kueleza baadaye. Alimtupa mgongoni, akatoka naye, wote wawili wakiumwa, mpaka barazani kwa Mfaume.

Mfaume alisimama, na sindano ikamwanguka. "Nilidhani..." alisema. "Wallahi nilidhani ni utani."

"Kitambaa!" Koleta alipiga kelele. "Lete kitambaa, geuka huko!"

Mfaume alivuta kaki mpya ya suruali ya mteja, akaitundika iwe pazia, akageuka akatazama ukuta. Majirani wanawake walikuja. Waliwabandua siafu mmoja mmoja, na mara nyingi mwili ulitoka mkononi, kichwa kikabaki kimeng'ata ngozi. Mkono wa kushoto ulikuwa umejaa. Apolinaria aliutazama kama mtu anayetazama mkono wa mgeni.

"Huo siusikii," alisema. "Niambieni tu, umebaki?"

"Umebaki, Mama," Koleta alisema, na hapo ndipo alipolia.

Homa ilimpanda mgonjwa siku hiyo hiyo. Mkono ulivimba, ukawa mwekundu. Mganga wa zahanati aliusafisha, akasema wangoje. Koleta alikaa kando ya kitanda barazani kwa Mfaume, akiutazama mkono ule ambao mgonjwa mwenyewe hakuweza kuulinda. Kila nzi aliyetua alimshtua. Aliwaza Jumamosi. Aliwaza Kornel atakavyoshuka kwenye kitoroli na jambo la kwanza atakalouliza. Bustanini hakwenda hata kuchungulia, na siafu walipoondoka wenyewe hakuwaona.

Kornel alirudi homa ikiwa imeanza kushuka. Alimkuta mamaye kwa jirani, mkono umefungwa. Koleta alimweleza yote amesimama, tangu wigo alioufungua mpaka panya waliotoka.

"Ulifungua mwenyewe?" Kornel aliuliza.

"Mwenyewe."

"Kwa ajili ya kabichi?"

Kornel aliutazama mkono wa mamaye muda mrefu, na Koleta alianza kuhesabu moyoni nguo zake zilizo kwenye kamba ya nje, kama angeambiwa arudi kwao Isikizya.

Sauti ya Apolinaria ikatoka kitandani, dhaifu lakini imenyooka. "Mimi ndiye niliyetaka majivu. Yeye alitaka kunibeba. Mwulize na yule Mzaramo, nilimwita akataka mifupa."

Mfaume aliinamisha kichwa. Kornel alikwenda kuchukua ngazi, na jioni ile na siku iliyofuata aliteremsha nyasi zote za paa, akaezeka upya, akaziba tundu la nyuma kwa mawe na udongo. Hakumlaumu mkewe kwa neno, wala hakumwambia kwamba amemsamehe, na Jumatatu alipopanda kitoroli hakurudia maneno yake ya kila wiki. Koleta aliyangoja mpaka kitoroli kikapotea.

Bustani ilikuwa safi. Alichimbua kwa kijiti tuta baada ya tuta asipate sota hata mmoja, na miche ikasimama. Lakini siafu hawachagui. Walikuwa wamechukua pia buibui, na vivunjajungu, na wale wadudu wadogo wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi, ambao hula vidukari. Kabla kabichi hazijaanza kufunga, vidukari walijaa chini ya majani kama unga wa kijivu, na hapakuwa na wa kuwala. Koleta aliwaosha kwa mkono, jani kwa jani, kwa maji ya sabuni. Hakuwaua tena wadudu asiowajua. Mmoja mwenye mgongo mwekundu alipotokea, alimhamisha kwa jani mpaka kwenye kabichi iliyoumwa zaidi, akamwacha hapo.

Mkono wa Apolinaria ulipona ukabaki na makovu madogo madogo. Kilichochelewa kupona ni utani. Mfaume alinyamaza. Mama yule aliita dirishani, na yeye, badala ya kujibu, aliacha kazi, akaja na uzi mdomoni, akasimama mlangoni akitazama paa.

"Umefuata nini hapa?"

"Naangalia tu, Bibi."

"Nimekuita mjinga, nawe unaniangalia? Nitukane basi!"

"Sawa, Bibi."

"Sawa Bibi! Mmesikia? Mzaramo ameokoka!"

Zilipita mvua nyingi kabla hajajibu kama zamani, na siku hiyo tusi lake lilikuwa chafu mno, siwezi kuliandika. Apolinaria alicheka mpaka akakohoa.

Koleta alikuwa kwenye nyanya. Alicheka naye. Lakini tangu mwaka ule, sauti ya mgonjwa inapotoka dirishani, mikono yake husimama pale pale ilipo, katika udongo au juu ya jani. Husikiliza Mfaume akijibu. Kisha husikiliza tena, mpaka mama mkwe amalize yeye. Ndipo mikono huanza kazi.