Mashine ya Kufagia Nyumba ya Mama

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo nimefanya kazi nyingi kuliko ninazoweza kukumbuka. Nimemenya kamba wa baharini huko Mbwera mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe kama za maiti. Nimewapikia mafundi wa barabara, nimefua mashuka ya nyumba ya wageni Ikwiriri, na kwa mwaka mmoja na nusu nilisafisha nyumba ya watu Dar es Salaam, ghorofa ya nne. Sikai mahali. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, ninaanza kutazama barabara.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa kwetu Kibiti wanapoisimulia ile mashine huanzia hapohapo: kwamba binti asiyetulia alimletea mama yake bati la kufagia ili yeye aendelee kuzurura. Ni kweli. Ningekuwa na bati la kuteka maji na la kukuna nazi, ningeyaleta pia.

Mama aliumia mgongo bondeni, msimu wa kuvuna mpunga. Aliteleza kwenye tope akiwa na mzigo kichwani, akaanguka amekaa. Hospitali walimwambia asibebe, asiiname, asijipinde. Kubeba aliacha. Kuinama hakuacha, kwa sababu ya sakafu.

Kwetu viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo mgeni haikagui nyumba kwa macho, anaikagua kwa nyayo. Na mchanga wa Kibiti ni mwembamba, unaingia hata kama umefunga madirisha na kuziba chini ya mlango kwa gunia. Mgeni akifika katikati ya sebule akasugua unyayo mmoja juu ya mguu wa pili, hajasema neno, lakini mwenye nyumba amekwisha kusikia. Mama alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kusugua unyayo nyumbani kwake. Kila alfajiri baada ya kuswali alishika fagio la chelewa, akakunja mgongo mpaka uso ukawa karibu na magoti, akaanzia chumba cha ndani kuja nje.

Kaka yangu, mtoto wake mkubwa anayeishi Mbagala, alimnunulia fagio la mpini mrefu. Mama alilijaribu siku tatu. Alisema mgongo unauma vilevile kwa kule kujipinda, na mchanga unabaki pembeni unamcheka. Akalisimamisha nyuma ya mlango, akarudia la chelewa. Ndipo asubuhi moja jirani alipomkuta amekumbatia mguu wa meza, hawezi kunyooka wala kukaa. Jirani akampigia kaka, kaka akampigia mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama anayelima huko Mahege, na hao wawili wakamaliza mambo kwenye simu. Mama ahamie Mbagala. Nyumba ifungwe, au wawekwe wapangaji. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja tu: nyumba haina mtu wa kufagia.

Mama alinipigia mimi. Hakulia, si mtu wa kulia. Aliniambia, "Wanataka kunihamisha kama kabati."

Nyumba ile aliijenga yeye. Baba alikufa ikiwa bado ya udongo, na mama ndiye aliyeiweka tofali, kisha bati, kisha sakafu ya saruji, chumba kimoja kila alipovuna vizuri. Kaka anajua. Mjomba anajua zaidi.

Pale Dar nilipokuwa nikifanya kazi, mwenye nyumba alikuwa na mashine ya duara, pana kama sinia la kulia watu watatu, nene kama matofali mawili ya kuchoma yaliyolazwa. Unabonyeza kitufe, inatembea yenyewe, inafagia na kufyonza vumbi, ikigonga ukuta inageuka. Siku za kwanza niliifuata kila chumba kama mtu anayefuata bibi harusi. Nilitaka kujua inajuaje. Nikagundua haijui mengi: ina jicho chini la kuiambia hapa pana shimo, ina kifua kinachobonyea ikigonga kitu, mengine ni kurudiarudia. Kisha ikaacha kutembea. Ikawa inazunguka pale pale na kulia. Mwenye nyumba akanunua nyingine, akaniambia hii nikaitupe.

Sikuitupa. Niliifungua kwa bisibisi ya fundi simu, nikakuta gurudumu moja limefungwa nywele na nyuzi za zulia kama mguu uliofungwa bendeji. Nilizikata kwa wembe. Fundi akanitafutia betri iliyo hai. Baada ya hapo ilitembea vizuri kuliko mpya, lakini nilinyamaza. Ilikuwa imekaa chini ya kitanda changu miezi miwili, sina sakafu ya kuitembeza, mama aliponipigia. Wiki hiyohiyo niliacha kazi nikapanda basi la Kibiti, mashine nimeipakata imefungwa kwenye khanga.

Mama aliitazama akiwa kitandani, miguu ameipandisha juu kana kwamba maji yameingia ndani. Iligonga kabati, ikageuka, ikaenda upande, ikagonga ukuta. Kuku aliyezoea kuingia kwa mlango wa uani alisimama akaitazama, kisha akaipiga mdomo mara mbili na kutoka nje kwa hasira. Mama akasema inatembea kama kaa aliyetolewa kwenye tope. Niliposema nitaiwekea saa ya kuanza, alikataa, akasema hataki kitu kinachoamka kabla yake. Kwa hiyo ikawa ya kubonyeza tu. Nilibandika kipande cha plasta kwenye kitufe ili aweze kukibonyeza kwa kidole cha mguu.

Haikuwa rahisi. Vizingiti vya milango yetu ni vya juu, ikawa inakwama kila chumba, mpaka nilipoomba vipande vya mbao kwa seremala nikavichonga kuwa miteremko. Ilitafuna ncha za mkeka. Umeme ulipokatika siku mbili ilikaa kimya pembeni, na mama akalitazama fagio la chelewa, nami nikalificha darini. Na kwa wiki nzima, kila mashine ilipomaliza, mama alivua ndala akatembea chumba kwa chumba, polepole, akiikagua kwa nyayo kama mgeni mbaya. Alipata mchanga chini ya mtungi. Alipata mchanga nyuma ya mlango. Siku ya nane alitembea nyumba nzima, akafika uani, akavaa ndala zake. Nilijua nimeshinda.

Majirani walikuja kuitazama. Wengine walisema ina jini, na mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama jini huyo ni Mwislamu. Jirani yule aliyempigia kaka simu ndiye aliyesema neno lililonichoma. Alisema mwanamke anayefagiliwa na bati ni sawa na maiti anayeoshwa. Nilimjibu kwamba mama yangu amefagia miaka hamsini, na kama kuna thawabu katika kukunja mgongo basi yake imeshajaa, akakunje yeye mgongo wake. Hakuja tena kwa siku kadhaa. Sikumwomba radhi, na sitamwomba.

Kaka na mjomba walifika Jumapili. Walikuwa wamekuja kumchukua. Kaka alikuwa ameshaongea na dereva wa gari la mizigo, na walitaka mama apange vitu. Nami nilikuwa nimepanga yangu: watavua viatu, watakanyaga, na nyayo zao zitawajibu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni hapokewi kwenye sakafu tupu. Wakubwa wakija unatandika mkeka, tena ule mzuri wa rangi unaowekwa juu ya kabati. Nami, kwa adabu nilizofundishwa na mama huyohuyo, nilitandika mikeka miwili kutoka ukuta hadi ukuta. Wakavua viatu, wakapiga hodi, wakaingia, wakakanyaga mkeka. Hakuna aliyegusa sakafu. Nyumba haijawahi kuwa safi vile, na hakuna unyayo uliojua.

Mjomba alikaa, akaweka tasbihi yake kando ya goti. Kaka alianza kueleza jinsi chumba cha Mbagala kilivyo na feni. Mama alikuwa kwenye kiti, mgongo wima. Niliona mambo yanaisha. Nikasema, subirini kwanza muone anayefagia nyumba hii. Nikaleta mashine nikaiweka mkekani, nikabonyeza.

Ilikwenda vizuri hatua mbili. Ikageuka. Ikaenda moja kwa moja kwenye goti la mjomba, ikaimeza tasbihi.

Mlio wake siwezi kuuandika. Uzi ulikatika, na shanga zikarushwa kila upande, chini ya kabati, chini ya kochi, hadi chumba cha ndani kupitia ule mteremko niliouchonga mwenyewe. Mashine ikazunguka pale pale ikilia. Niliizima. Mjomba aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ndiye mtu wenu wa kufagia?"

Kaka alicheka. Alisema, "Mdogo wangu, wewe na vichezeo vyako," akaniambia nianze kufunga vyombo.

Tasbihi ile mjomba aliletewa kutoka Hija na rafiki yake ambaye sasa ni marehemu. Haikuwa ya kuachwa chini. Basi mjomba akajikusanya, akapiga magoti, akaanza kuokota. Kaka naye ikambidi. Wakaikunja mikeka ili waone vizuri, wakawa sasa wako juu ya saruji yenyewe, wawili, wanaume wazima, mmoja kichwa chini ya kabati, mwingine anapapasa chini ya kochi. Mimi nilitaka kuwasaidia. Mama alinishika mkono akanizuia. Alikuwa amesimama.

Waliokota kwa muda mrefu. Mjomba alianza kuhema, akashika kiuno, akasimama nusu, akarudi chini. Kaka alilalamikia magoti yake, akasema hana mazoea haya. Mama akawaacha mpaka mjomba aliposhindwa kunyooka, akabaki ameegemea kochi kwa viganja viwili.

Ndipo aliposema, bila kupandisha sauti, "Sakafu iko mbali, eh, kaka?"

Mjomba aliendelea kuhema, viganja kwenye kochi.

"Mimi nimekwenda huko kila siku tangu naolewa. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza kama nimefika."

Kaka akasema ndiyo maana, mama, ndiyo maana tunataka ukapumzike. Mama akamgeukia. Kaka ni mtu mkubwa, ana watoto wanne, lakini alipogeukiwa vile nilimwona anaficha shanga mkononi kama mtu aliyekamatwa nazo.

"Baba, siendi Mbagala. Hiyo mashine ikitengenezeka, itafagia. Ikifa, nitakaa na mchanga wangu. Nyumba ni yangu ikiwa safi, na ni yangu ikiwa chafu. Atakayeona mchanga unamuuma miguu asivue viatu."

Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikipigania sakafu safi. Nilidhani hiyo ndiyo hoja yetu, na kwamba mashine ndiyo shahidi. Kumbe nilikuwa nimekubali sheria yao bila kujua: kwamba mwanamke ana haki ya nyumba yake maadamu anaweza kuifagia, au kuleta kitu cha kuifagia. Mama aliitupa sheria yenyewe. Miaka hamsini hakuna aliyesugua unyayo kwake, na sasa alikuwa anawaambia wasugue wanavyotaka.

Mjomba alikaa sakafuni, si kwenye mkeka. Nilimwona akipitisha kiganja juu ya saruji, mara moja, kisha akakitazama. Sijui alitaka kuona nini. Aliomba maji. Alipokwisha kunywa alimwambia kaka ampigie yule dereva amwambie asije. Kaka alianza kubisha, mjomba akamwambia, "Mpigie, wewe," na kaka akatoka uani na simu yake.

Niliifungua mashine pale pale, mbele ya mjomba. Shanga za mwisho zilikuwa zimejibana kwenye brashi. Alinishikia tochi ya simu, na kabla sijamaliza alikuwa ameanza kuniuliza hili jicho la chini ni la nini. Nikamweleza. Mama akapika wali kwa kuku, na tukala wote wanne bila kuzungumzia Mbagala.

Walipoondoka, nilitaka kuiwasha mashine isafishe baada ya wageni. Mama alikataa. Alisema kwanza nimfundishe kuifungua. Basi tukakaa, yeye kwenye kiti, mashine mapajani imelazwa chali, bisibisi mkononi, nami nikimwonyesha skrubu moja baada ya nyingine. Alitoa nywele kwenye gurudumu kwa kucha, akasema ni zangu. Aliifunga, akaifungua tena peke yake, akaifunga. Kisha akaiweka juu ya kabati.

Siku mbili nzima hakuishusha. Umeme ulikuwepo. Upepo ulivuma kama kawaida yake na mchanga ukaingia kama kawaida yake, na mama akawa anapita juu yake peku, anasikia ukilia chini ya nyayo, anaendelea na shughuli zake. Siku ya pili yule jirani wa neno la maiti alikuja kuuliza hali. Alivua ndala mlangoni, akaingia, akafika katikati ya sebule, na mguu wake mmoja ukapanda juu ya mwingine, ukasugua.

Mama alimtazama mpaka alipomaliza, akamwambia karibu, kaa.